Kidevu cha Mtani Wangu

Mtani wangu alikuwa na ndevu. Nalisema hilo kwanza kwa sababu ndivyo alivyoniagiza. "Siku ukinisimulia," aliniambia, "anza na ndevu. Usiwazungushe watu weee, halafu umalizie nazo kama mtu aliyeficha nyama chini ya ugali." Basi nimeanza nazo. Wala hazikuwa nywele mbili tatu kama hizi zinazotuota sisi wanawake tukizeeka. Zilikuwa ndevu za kushika, zinaanzia chini ya masikio na kukutana kidevuni, na alikuwa nazo tangu ujana wake.

Jina lake silitaji. Hapa mtaani kwetu Tabora hakuna aliyemwita kwa jina. Yeye Mzaramo, sisi wengi wetu Wanyamwezi na Wasukuma, kwa hiyo alikuwa Mtani wa wote, wakubwa kwa wadogo. Kwa wasiojua, utani wetu na watu wa Pwani ni wa tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwa miguu kutoka huku mpaka baharini na kurudi. Njiani walilishana, walizikana, walitukanana. Mizigo imekwisha, matusi yamebaki. Mtani ana ruhusa. Anaweza kukukamatia kuku mchana kweupe na usiwe na pa kushtaki. Anaweza kukuumbua mbele ya wakwe zako. Na ukifiwa, anakuja kukuchekesha, maana hiyo ni kazi yake. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anasema kama marehemu, mpaka wafiwa waliogoma kula wanaomba uji.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne. Kuandika naandika polepole, na macho siku hizi yananikatalia. Lakini mjukuu wangu amechoka kusikia habari hizi zikirudiwa jikoni, akaninunulia daftari. "Bibi, andika," kasema. Naandika. Nguvu ya kupamba sina.

Nilipoletwa mtaa huu kutoka Puge nikiwa bibi harusi, nilikuwa na aibu moja, nayo ni miguu. Miguu yangu ni mikubwa. Ni ya baba yangu mzazi, na baba yangu alikuwa hapati viatu dukani, anakatiwa katambuga za tairi la gari. Nikikaa, nilikuwa naikunja yote chini ya khanga kama kuku anayeatamia. Kanisani nilipenda benchi la nyuma kabisa. Siku yangu ya pili hapa, niko uani naosha vyombo, kichwa kikachomoza juu ya ukuta unaotenganisha nyua zetu. Mwanamke, mtandio kauzungusha mpaka karibu na mdomo. Nikasimama, nikainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Siitaki. Mpagazi haniamkii mimi, ananibebea mzigo. Umetoka wapi?"

"Puge."

"Mnyamwezi?"

"Ndiyo, mama."

Akatazama chini. Akatazama kwa muda. "Hii ni miguu au mitumbwi ya Malagarasi?"

Nyuma yangu kulikuwa na wanawake wawili wanasubiri maji ya bomba letu, nao wakaanza kucheka. Yeye hakuacha.

"Mwambie mumeo asijisumbue na msingi wa nyumba. Akusimamishe tu kwenye kona."

Niliingia ndani nikalia. Mume wangu akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Huyo ni mtani. Mjibu." Kesho yake nikamwita yule mwanamke ukutani, nikamwambia kwamba watu wa kwao mtu anaweza kuuza paa la nyumba yake akiwa ndani, mradi apate ya kuchezea ngoma. Alicheka mpaka akajishika ukutani. "Haya, Mpagazi," akasema. "Sasa tumeanza."

Mwezi haukuisha, mtaa mzima uliijua miguu yangu. Hakuna aliyebaki na la kunong'ona, maana yote yalishasemwa kwa sauti, tena kwa ufundi kuliko ambavyo wao wangeweza. Nikaanza kukaa nimenyoosha miguu. Kanisani nikahamia mbele. Mpaka leo ninapoandika haya nimeinyoosha, iko pale mbele yangu, imevimba, nayaona magamba yake. Hayo alinifanyia yeye. Na mimi nilipaswa kumfanyia vilevile. Sikumfanyia.

Alikuwa na mkono wa ufundi. Kazi yake ilikuwa kushona kofia za wanaume, zile nyeupe za kutoboa vitundu vidogo vidogo na kuvizungushia uzi kimoja kimoja. Kofia moja ilimchukua wiki nyingi. Wanaume wenye heshima zao mjini walikuwa wanazitafuta, na alikuwa mkali nao kama askari. Ukimharakisha, anakurudishia kitambaa chako. Akisikia umeifua kofia yake kwa brashi, hakushonei tena. Ndugu yake wa tumbo moja hakuwahi kupewa ya bure. Lakini chumvi yake ilikuwa ya mtaa mzima, na mara mbili au tatu kwa wiki bakuli lilikuja juu ya ukuta, wali au ndizi. "Nimekosea kipimo," anasema, uso kaukunja, kana kwamba ni mimi niliyemkosesha. Miaka yote alikosea kipimo siku zilezile ambazo mume wangu hakuwa na kazi.

Alichukia umbea, lakini hakuna habari iliyompita. Kinyamwezi alijifanya hakijui. Asubuhi ananisalimia "mwangaluka" kwa sauti ya puani kunikejeli, halafu tukiwa tunasengenya kwa lugha yetu anadakia katikati na kutusahihisha. Alikuwa anacheka kuliko mtu yeyote niliyemjua, na kila alipocheka mkono ulikwenda mdomoni. Nilidhani ni adabu za Pwani. Ukitazama picha za harusi za mtaa huu, na ninazo nyingi kwenye bahasha, yeye yumo karibu zote, na katika zote ameweka kiganja mbele ya kidevu kama mtu anayetaka kukohoa.

Nyumbani kwake hapakuwa na kioo ukutani. Kilikuwepo kipande, kimevunjika, anakiweka kwenye kopo la nyuzi.

Sasa misiba. "Msiba bila kicheko ni mkutano wa kijiji," alikuwa akisema, na mikutano ya kijiji alikuwa haipendi. Alipofika msibani watu walijisogeza kumpisha. Marehemu mume wangu alikuwa na mguu mmoja uliovunjwa na toroli akabaki anauburuta, na alikuwa na tabia ya kutafuta miwani ambayo imo usoni mwake. Siku tunamzika, mimi nimekaa chini kwenye mkeka siku ya pili bila kula, kinywa kichungu, mara mlango unafunguka anaingia mume wangu. Koti ni lake, kofia ni yake, mguu unaburutwa vilevile, na miwani iko usoni.

"Mama watoto! Miwani yangu iko wapi? Kila siku mnanifichia miwani, na leo nina safari!"

Nilicheka. Mbele ya padri, mbele ya wakwe, nilicheka mpaka nikajilaza, na kicheko kikageuka kilio, ndicho kilio changu cha kwanza tangu afe. Baadaye akajilaza mlangoni akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe jogoo. Alipewa. Jioni jogoo yule alikuja juu ya ukuta, amepikwa. "Nimekosea kipimo."

Alimwigiza kila mtu. Kigugumizi, makengeza, kibiongo, mlevi, mchoyo, hakubakiza. Watu walifika mahali wakawa wanamwambia wakiwa hai, "Mtani, mimi utaniigizaje?" naye anajibu, "Kufa kwanza." Lakini nilikuwa nimegundua jambo moja. Wanaume wenye ndevu aliwaigiza mwendo, aliwaigiza sauti, aliwaigiza hata kupiga chafya. Kwenye kidevu hakuwahi kufika. Watani wengine hubandika pamba au mkia wa mbuzi. Yeye hapana. Na kwa nini, mimi nilikuwa najua.

Nilimwona mara moja tu. Mwaka ule mvua ilinyesha mpaka kipande cha ukuta wetu wa matofali mabichi kikadondoka. Alfajiri moja moto wangu ulikuwa umezimika, nikapenya pale penye tundu kwenda kuomba kaa la moto. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya jiko, kipande cha kioo kakichomeka kwenye udongo wa ukuta, povu la sabuni limejaa kidevu chote, wembe mkononi. Alikuwa ananyoa kwa haraka na kwa ustadi kama mtu anayefanya hivyo kila siku ya Mungu. Nikarudi kinyumenyume. Uji nilipika saa nne. Nikajiambia, hili hapana, hili halitaniwi. Nikalifungia moyoni. Kila aliponitukana miguu, nilimtukana ngoma, uvivu wa watu wa Pwani, mapishi ya nazi, kila kitu, ila kidevu nilikiruka kama shimo njiani.

Nisidanganye, nilijiona mwema. Miaka thelathini na zaidi nilijiona mwema.

Halafu mikono yake ikaanza kutetemeka. Kwanza uzi ulimkataa, kisha sindano. Akarudisha vitambaa vya watu. Nikadhani amekasirika kwa sababu ya kofia, na kweli alikasirika, lakini kulikuwa na zaidi. Mtandio ukapanda mpaka mdomoni, mwezi wa kumi, joto hili la kwetu linalopasua midomo. Akaacha kuja ukutani. Ukimwita anaitikia kutoka ndani. Nikaona damu imekaukia kwenye mtandio mara mbili, nikanyamaza, kama kawaida yangu.

Akafariki fundi baiskeli wa pale kwenye kona. Mzee wa Kiislamu, Mnyamwezi, mtu wa watu, kila mmoja wetu amewahi kumsubiri. Tulikaa msibani tangu asubuhi. Wanawake wakawa wanaulizana kwa sauti ya chini, "Mtani yuko wapi?" Mtani hakuja. Tukazika. Msiba ulikuwa mkavu. Mjane wa fundi alikaa kama gunia, hakulia wala hakusema, chai yake ikapoa mikononi mwake. Nikasimama, nikaenda kugonga mlango wa jirani yangu.

"Nani?"

"Mpagazi. Fungua."

"Naumwa."

"Fungua, nisije nikauvunja kwa miguu."

Nikasikia komeo. Alikuwa amekaa kitandani, mtandio mpaka puani. Niliutoa mwenyewe. Kidevu kilikuwa kama uwanja wa kuku, hapa kidonda, hapa nywele, hapa kidonda kingine. Mikono yake imelala mapajani inacheza yenyewe. Nikasema tu, "Wembe uko wapi?"

Akanionyesha kopo la nyuzi. Nikachemsha maji. Nikamsimamishia kichwa kwenye ukuta, nikapaka sabuni, nikaanza upande wa kulia, pale ambapo ngozi ilikuwa nzima. Nilikuwa nimemnyoa mume wangu alipokuwa mgonjwa, kazi ninaijua. Alifumba macho.

"Mpagazi."

"Usisogeze mdomo."

"Uliniona."

"Lini?"

"Usijitie ujinga. Mwaka ukuta ulipodondoka. Nilikuona kwenye kioo, umesimama na kipande cha gae mkononi, umekuja kuomba moto. Halafu ukarudi kinyumenyume."

Nikaacha kunyoa.

"Nilikaa siku nzima nangoja useme," akaendelea. "Nikasema, huyu Mnyamwezi leo atanimaliza. Nimeshamla miguu miaka yote, leo zamu yake. Nikatayarisha na majibu. Hukusema. Kesho yake hukusema."

"Ningesema nini?"

"Chochote! Mimi miguu yako niliisema siku ya kwanza nilipoiona."

"Miguu ni miguu, Mtani. Kila mtu anayo."

"Na kidevu huna wewe?" Sasa macho yamefunguka. "Sikiliza. Ulicheka maiti ya mumeo. Ulicheka msiba wa mama yako, nilikuona. Kidevu changu ukashindwa kukicheka. Basi nikajua kidevu changu ni kibaya kuliko kifo."

Wembe ulikuwa mkononi mwangu na sikujua pa kuuweka.

"Nilikuwa nakuhurumia," nikasema.

"Ndilo hilo. Mtani anayekuhurumia si mtani, ni nesi." Akajifuta povu kwenye mdomo. "Na marehemu mume wangu naye. Unakikumbuka kidevu chake?"

Nilimkumbuka. Alikuwa mfanyakazi wa reli, mtu mpole, kidevu laini kama yai, hata unyoya hakuwa nao.

"Kila mwisho wa mwezi alileta nyumbani pakiti ya nyembe. Anaiweka juu ya kabati, hasemi kitu. Mimi nilikuwa naamka kabla ya adhana ili nisimwamshe, nanyoa, narudi kulala pembeni yake kama mwizi. Siku aliyokufa, wamenipa koti lake, mfukoni mna pakiti mpya. Tangu tuoane alijua. Mwaka baada ya mwaka, Mpagazi, tumelala kitanda kimoja na hakuna aliyemwambia mwenzake. Wote mmenihurumia. Nimechoka. Nimechoka kuhurumiwa kuliko nilivyochoka kunyoa."

Nje watu walikuwa wanarudi kutoka msibani, tunasikia viatu vyao. Nilijua ananisubiri, na nilijua kwamba nikitoka pale bila kusema, sitasema tena. Mwanamke mzima, ninayetukana wachuuzi sokoni mpaka wanapunguza bei, natafuta tusi moja silipati.

"Beberu," nikasema.

"Nini?"

"Wewe ni beberu."

Akanitazama kwa dharau. "Hilo tu? Baada ya miaka yote hii?"

"Beberu la kule Choma," nikasema, na sasa naona lilikuwa linatoka lenyewe. "Lile kubwa, linalotangulia kundi barabarani, malori yanasimama, dereva anatoa kichwa anasema, 'Shikamoo, mzee.'"

Mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka, na mkono wake uliponyanyuka kwenda mdomoni nikaushika nikaurudisha chini. Alicheka mdomo wazi, upande mmoja umenyolewa, mwingine una povu. Mimi nilikuwa nalia, sijui kwa nini, uchovu tu.

"Malizia," akasema baadaye. "Sitaki kuonekana kama shamba lililolimwa nusu."

Nilimalizia. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kidevu kile kunyolewa.

Fundi baiskeli naye alikuwa na ndevu, kishungi kidogo hivi kidevuni, na kabla ya kukujibu lolote alikuwa anakichezea. Siku ya arobaini yake tulikaa uani kwa mjane, wanaume upande ule, wanawake huku, pilau limeshaliwa. Mara akaingia Mtani. Ameshika pampu ya baiskeli kwapani, suruali ya marehemu imekunjwa mguu mmoja isinaswe na mnyororo, kofia aliyomshonea mwenyewe iko kichwani. Mtandio hana. Ndevu za siku arobaini zimesimama, nyeusi na nyeupe, amezipaka mafuta.

Hakuna aliyecheka. Watu walitazama, kisha wakatazama sinia tupu. Mama mmoja akamfunika mtoto macho kwa khanga. Mtani akatembea mpaka katikati, akashika ndevu zake mwenyewe, akazichezea kwa vidole viwili kama alivyokuwa akifanya marehemu, akasema kwa sauti ya marehemu, "Kesho. Njoo kesho. Kifaa hakijatoka Igunga."

Niliiona pampu ikianza kutetemeka kwapani. Na niliona jicho lake linazunguka umati, linanitafuta.

Nikasimama. Magoti yalilia, nikasimama hivyohivyo.

"Mtani!" nikaita kwa nguvu zangu zote. "Ndiyo maana mumeo alikuwa na kidevu cha yai! Kumbe ndevu zake ulimnyang'anya wewe!"

Wa kwanza kucheka alikuwa mjane wa fundi. Alianza kama anayekohoa, halafu akajipiga mapaja, halafu akaanguka kwenye bega la mwenzake, na hapo ua mzima ukapasuka, mpaka wanaume. Mtani akanijibu papo hapo, "Kaa chini wewe, umewazibia watu jua kwa miguu!" Akaendelea. Aliwafungia watu baiskeli zisizokuwepo, aliwaambia wote waje kesho, na kila mara alizishika ndevu. Mjane akalia vizuri jioni ile, kilio cha kutosha, akaoga, akalala. Mjukuu wangu alipiga picha kwa simu. Ni picha moja tu ambayo Mtani mikono yake iko chini.

Sitaki kudanganya kwamba alipona kama mtu aliyemeza kidonge. Siku nyingine alipandisha mtandio. Safari ya hospitali aliupandisha, na sikumuuliza. Watoto wageni wakimkodolea macho, siku akiwa na nguvu anawaambia, "Mnatazama nini? Hamjaona babu?" na siku akiwa hana, anaingia ndani. Uzee nao haukumwacha apumzike na raha yake, mikono ikafuatiwa na miguu, miguu ikafuatiwa na kifua. Lakini ukutani alirudi. Tulitukanana kila asubuhi kidevu kwa miguu mpaka majirani wapya wakadhani tuna ugomvi wa mpaka wa kiwanja.

Mara ya mwisho nilipomkuta ana fahamu zake zote ilikuwa mchana, baada ya adhuhuri. Kitanda chake cha kamba walikuwa wamekisogeza dirishani. Alikuwa mdogo, mifupa tu, na ndevu zimekuwa nyeupe kabisa, ndefu, zimelala juu ya shuka.

"Mpagazi. Umechelewa."

"Miguu inauma."

"Mingi mno hiyo, lazima iume." Akavuta pumzi mara mbili. "Umekuja nayo?"

Nilikuwa nimekuja nayo. Alikuwa ameniagiza wiki moja kabla nishone ndevu za pamba. Dada yangu analima pamba Igunga, alikuwa ameniletea furushi, nami nikaishonea kwenye ukanda wa khanga kuukuu, nikaweka na vikamba vya kufungia nyuma ya masikio. Nikamkabidhi. Aliigeuza, akaisogeza karibu na macho, vidole vinacheza.

"Mshono gani huu? Mtoto wa shule anashona hivi?"

"Mimi si fundi kofia."

"Naona." Akairudisha. "Wanawake watakaoniosha watazikuta hizi zangu. Waambie wasizikate. Wazichane. Na wewe siku hiyo uvae hiyo. Ukiniigiza bila ndevu sikusamehi, utanikuta huko huko unakokwenda."

"Mimi nimechoka na misiba, Mtani. Tafuta mwingine. Kuna vijana."

"Vijana hawanijui. Vaa."

"Sasa hivi?"

"Utakosea siku yenyewe. Vaa nikuone."

Nikavaa. Pamba iliniwasha shingo. Nikajifunga mtandio wake uliokuwa umening'inia mlangoni, nikatoka mpaka kizingitini, nikaingia nikitembea kama yeye, kifua mbele, kichwa juu, nikasema kwa sauti yake ya puani, "Nimekosea kipimo."

Alicheka bila sauti, tumbo tu likipanda na kushuka chini ya shuka. Kisha akatikisa kichwa.

"Hapana. Mkono umeupeleka mdomoni."

Sikuwa najua. Nilikuwa nimeupeleka kweli.

"Ndivyo ulivyokuwa ukifanya," nikasema. "Miaka yote."

"Huyo sitaki umwigize. Shusha mkono. Rudi mlangoni, anza upya."

Nilikuwa nimechoka, magoti yanawaka, pamba imenijaa puani. Nikashusha mkono, nikarudi mlangoni.

"Haya," akasema. "Nakutazama."

Nikaanza kutembea.